Sura ya Jasusi Mpya

Mzee Mtoro alikuwa na sura moja tu ya Jasusi Shebe kichwani, ile aliyoiona kwenye filamu tano za kwanza kabla hajapofuka. Sasa, katika filamu ya sita, Shebe aliigizwa na mtu mwingine.

"Huyu siye," alimnong'oneza mkewe, Bi Salha, mle ndani ya sinema. "Anaongea kama karani. Na jasusi gani viatu vyake vinalia?"

"Msikilize kwanza, Baba Nasra."

Akasikiliza huku amekunja mikono, akimvizia mgeni huyo akosee. Kisha Shebe akapiga hodi kwa mama wa rafiki yake aliyeuawa.

"Yuko wapi mwanangu?" mama akauliza.

Mzee Mtoro alimsikia Shebe akivuta pumzi mara mbili, akishindwa kusema. Yule wa zamani angejibu papo hapo.

Bado hakumwamini. Hata hivyo alimwinamia mkewe.

"Mama Nasra, ana sura gani?"

Bi Salha aliitazama sura iliyokuwa kwenye skrini. Halafu akaushika mkono wa mumewe, akaanza kuichora kwa kidole kwenye kiganja chake, polepole, akianzia kwenye paji la uso.