Ukuta wa Halmashauri

Kwa miaka tisa Shomari alimiliki jina la mji wao kama anwani ya mtandaoni, akililipia kila mwaka kama kiwanja kisichojengwa. Aliamini kwamba siku moja halmashauri ingehitaji tovuti, nayo ingemjia kulinunua. Asubuhi hiyo mchoraji alikuwa ameandika anwani ya tovuti mpya kwenye ukuta wa halmashauri. Shomari alisimama mbele ya ukuta huo pamoja na mama yake, Bi Mwanakheri, mwanafunzi wa darasa la watu wazima.

“Usinisomee, mwanangu. Nitasoma mwenyewe,” alisema mama, kidole kikifuata herufi moja moja.

“Twende, mama. Wamechagua jina jingine. Barua nne niliwaandikia, hawakujibu hata moja!”

“Umengoja miaka tisa, leo ushindwe kuningoja mimi?”

Simu ikatetemeka mkononi mwa Shomari: muda wake wa kumiliki jina la mji ungekwisha adhuhuri. Je, alilipie tena? Kidole gumba chake kikabaki hewani.

Mama alifika mwisho wa mstari bila kuliona jina la mji. Kisha, kana kwamba kosa lilikuwa la macho yake, akarudisha kidole kwenye herufi ya kwanza, akaanza upya, polepole zaidi.