Kaa la Moto la Bibi Nungunungu

Bibi Nungunungu alikuwa na miiba mgongoni na mingine ulimini. Aliishi peke yake, macho yamefifia, na aliyethubutu kumuuliza habari za mguu wake uliovimba alifukuzwa. Wanawe wakaapa: akianguka tu, wanamhamisha.

Kindi, mhudumu wa afya wa mtaa ule, akabuni hila. Kila asubuhi alibisha hodi na kigae mkononi.

"Shikamoo, bibi. Moto wangu umezimika. Naomba kaa."

"Marahaba. Mvivu wewe! Ingia."

Wakisubiri kaa likolee, Kindi alisogeza magogo bibi asije akajikwaa, akatazama kama dawa zimenywewa, na huku wakipiga soga akaukanda ule mguu.

Asubuhi moja alifika amelowa chapachapa, kigae kimejaa maji.

Bibi akacheka. "Kwa mvua hii, kaa utalifikishaje kwako?"

Kindi akainamisha mkia. "Nisamehe, bibi. Moto wangu haujazimika hata siku moja."

"Najua. Moshi wake naunusa kila alfajiri."

"Sasa mbona hukunifukuza?"

Bibi akamsogezea kigoda. "Mjukuu wangu, mimi asubuhi sipiki. Moto huu nauwasha ili uwe na cha kuja kuomba."