Kelele za Duara Lililofungwa

Duara la tatu, moja ya mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, lilikuwa limefungwa tangu mwaka wa mvua kubwa, lakini asubuhi hiyo lilipiga kengele tena. Machimboni wanaume wakatupa sururu, wakapanda kamba wakisukumana. Ofisini Kalangalala, mjini Geita, taa nyekundu ikawaka kwenye kompyuta ya Noela, mwandishi wa programu ya kengele za machimbo hayo.

Hapakuwa na mtu ndani ya duara la tatu. Yaani, hapakuwa na mtu aliye hai.

Waliokuwamo walijulikana kwa majina. Mwaka ule ukuta ulipoanguka, mwenye machimbo alitoa maiti zilizokuwa karibu, zilizobaki akazimwagia kifusi, akachinja mbuzi mmoja, akarudi kwenye dhahabu yake. Yeye alisahau. Wachimbaji hawakusahau. Sasa walisema ni masamva, mizimu ya wale waliofukiwa. Imechoka kungoja, inagonga.

Siku chache kabla, udongo ulikuwa umeshuka kidogo kwenye duara la nne, jirani yake, linalokutana nalo chini kwa chini. Msimamizi akaita majina, wote walioandikishwa wakaitika, mambo yakaishia hapo. Kugonga kulianza kesho yake.

Simu ya ofisini ikalia. Alikuwa mwenye machimbo, mtu ambaye hajawahi kushuka shimoni hata ngazi moja.

"Binti, mizimu haichimbi. Watu wangu wamekaa juu wanaota jua. Nyamazisheni hilo duara."

Zamani ombi kama hilo lingezunguka mwezi mzima. Waandishi wote wa programu walikaa meza moja, kipaza sauti kikiwa katikati, kikiwaletea sauti za chini ya ardhi mchana kutwa. Kubadili kitu kidogo tu kulitaka kila mtu akubali. Kengele ya maji ilijulikana kwamba inachelewa kulia. Marekebisho yalikuwa tayari, lakini huyu anamsubiri yule, yule yuko safarini, mpaka maji yakammeza mzee Pantaleo shimoni. Alikuwa baba yake Noela.

Baada ya msiba, Donatus, mkuu wao, aliivunja ile meza. Akagawa timu ndogo ndogo, kila moja na chumba chake, kipande chake cha mfumo, na ruhusa ya kupeleka mabadiliko machimboni bila kumwomba mtu. "Kila timu na duara lake," alisema. Siku hiyo Noela alilia mbele za watu. Hakutaka tena mtoto wa mtu azikwe kwa sababu ya vikao.

Fredy na wenzake wakachukua masikio, yaani vinasa sauti vya chini. Timu ya Noela ikachukua kengele. Kati ya vyumba hivyo viwili ilipita tarakimu peke yake. Sifuri, kimya. Moja, kuna kinachogonga.

Simu yake mwenyewe ikatetemeka. Mama, kutoka nyumbani Nyasubi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Luka kakupigia?"

"Si yuko Isaka, anapakua malori?"

"Ndivyo alivyoniaga. Simu haipatikani. Upepo ukitikisa mlango tu, nadhani ni yeye."

Noela akacheka. Tangu utotoni, Luka, mdogo wake, alibisha hodi kwa namna moja: mbili za haraka, anatulia, halafu ya tatu, kama mtu anayejiuliza kama atafunguliwa.

"Mama, upepo na Luka unavichanganyaje? Atapiga. Chaji imemwishia huyo."

"Asije akawa amerudi mashimoni."

"Aliapa juu ya kaburi la baba. Harudi."

Akakata simu. Taa ikawaka tena. Akainuka, akaelekea chumba cha Fredy, na Donatus akamkuta koridoni.

"Wapi tena?"

"Kwa Fredy. Nataka nisikie kwa masikio yangu hicho kinachogonga."

"Ni karasha linasaga mawe, ardhi inatikisika. Basi. Na wewe umeanza kuogopa masamva?" Kisha akashusha sauti. "Noela, ukianza kupita chumba kwa chumba kuulizana, tumerudi mezani. Umeyasahau ya mezani?"

Hakuyasahau. Akageuka, akakaa.

Aliandika sharti fupi kwenye programu: duara lililofungwa halina watu, chochote kitokacho humo kisipokelewe. Likapita majaribio, likafika machimboni kabla chai yake haijapoa. Taa nyekundu ikazimika. Kule, wanaume wakaanza kushuka.

Donatus akapiga makofi mlangoni, akaagiza soda na sambusa za watu wote. "Asubuhi hii hii limeombwa, asubuhi hii hii limekwenda! Mzee Pantaleo angekuwepo aone."

Noela akatabasamu. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, jina lile halikumchoma.

Fredy akaja na sambusa mdomoni, vipokea sauti vikining'inia shingoni.

"Dada Noela, umenifukuzia mgeni wangu! Nilishamzoea. Mzimu una adabu huo, unabisha hodi kabisa."

"Acha utani wako."

"Haki ya Mungu. Sikiliza mwenyewe, hii ya alfajiri." Akamvika vile vipokea sauti. "Ya sasa hivi sina. Mmesema hampokei tena, nikakizima kinasa."

Kwanza alisikia mchanga ukimiminika. Kisha chuma juu ya jiwe.

Mbili za haraka. Kimya. Halafu ya tatu, kama mtu anayejiuliza kama atafunguliwa.