Kidude cha Kukinga Radi

Mshale wa kipimo ulianguka tena. Umeme ulikuwa unavuja hadi kwenye bati la mashine ya kufulia ya wodi ya wazazi.

"Ni kile kidude cha kukinga radi," alisema Mbaruku, mwenye karakana. "Siku zote kinatuharibia kipimo; mashine yenyewe ni nzima. Pakieni."

Tunu, fundi wake, alikifungua kidude hicho kutoka ndani ya mashine, kidogo kama kifungo cha koti, akakiweka mezani mbele ya Mbaruku, akapima upya. Mshale ukaanguka vilevile.

"Gari linangoja, Tunu."

"Lingoje." Aliichomeka mashine ukutani, akaweka kidole kwenye swichi. "Wauguzi wataishika kwa mikono iliyolowa, bosi. Shika wewe kwanza, niwashe."

Mbaruku alicheka, akanyoosha mkono. Ukasita kabla ya kugusa bati. Tunu hakuondoa kidole.