Masale ya Rombo

Kwenye bweni la chuo Guangzhou, Mwairishi mmoja alitandaza karatasi ya ukoo wake mezani. Vizazi sita vya wakulima, shamba lile lile, vyote kutoka vitabu vya kanisa.

"Na nyie Wachaga, Aikande, karatasi yenu iko wapi?"

Wenzao wote wakamgeukia. Aikande hakuwa na karatasi. Akampigia mama yake simu ya video.

"Mama, hebu nipitishe mgombani makaburini. Kuna mtu hapa anadhani tuliota juzi kama uyoga."

Mama akacheka, akaanza kutembea. Juu ya kila kaburi lilisimama isale, mmea mtakatifu wa Wachaga, lililopandwa siku ya mazishi. Kila alipofika alishika jani lake refu, akataja jina: babu, baba wa babu, babu wa babu.

Kwenye la saba Mwairishi akaweka kalamu chini.

"Mama, basi, ameshakubali."

"Basi vipi, mwanangu? Hata mfereji sijauvuka; wazee wenyewe wako ng'ambo."