Mrefu wa Nyumba

Mlingoti alikuwa amening'inia kwenye boriti ya karakana ya baba yake, miguu ikielea, uso umeiva, ndipo alipomwona baba akiranda vibao viwili vyembamba. Baba naye akamwona. Akavificha vile vibao nyuma ya mgongo, akaanza kupiga mluzi.

Baba hakuwa mtu wa mluzi. Mlingoti akajiachia, akatua chini, akaondoka zake akiwa ameshaelewa kila kitu. Mzee anataka kujiongezea urefu.

Maana siku yenyewe ilikuwa hiyo. Kila mwaka shule zikifungwa, familia ile hukusanyika kwenye mlango wa jikoni, kila mtu anaeleza mwaka wake ulivyokwenda, kisha anapimwa. Mama ni fundi cherehani, kwa hiyo futi ni yake. Alama zinachorwa kwenye fremu ya mlango kwa penseli ya baba, seremala. Anayewapita wenzake wote ndiye Mrefu wa Nyumba mpaka mwaka mwingine. Sheria alizitunga mama mwenyewe: Mrefu anakalia kile kiti kimoja chenye mikono, rimoti inakuwa yake, na chochote cha juu kikihitaji mkono, mkono ni wake.

Baba alikuwa Mrefu tangu mlango uwekwe. Mlingoti, miaka kumi na mitano, alikuwa amebakiza unywele tu. Mwaka mzima alijinyoosha: asubuhi boriti, jioni boriti, na maziwa mpaka akitembea tumbo linasikika. Kile kiti alikiota hata darasani, na ripoti ya shule ilieleza hivyo kwa urefu.

Saa kumi jioni wakajipanga. Mdogo wake, Kibatari, akaanza: kaingia darasa la nne, kang'oka meno mawili, na kajifunza tarumbeta. Bibi akasema hilo la tarumbeta mtaa mzima unalijua. Bibi mwenyewe kajifunza kuogelea mwaka huu, ila kitabuni tu. Maji bado hajayaingia. Mama kashona sare mia mbili na kupoteza mkasi mmoja, na aliyeuchukua anajijua. Mlingoti alieleza mpira wa kikapu kwa kirefu, hesabu akairuka.

Baba akakohoa.

"Mimi nimetengeneza vitanda kumi na kabati nane," alisema. "Na nimemteremsha Diwani kwenye paa mara arobaini na moja."

Diwani ni paka wao, dume nene lenye makucha, linalojua kupanda tu. Kushuka anawaachia watu wengine. Baba alizipapasa alama za kucha mikononi. Mlingoti akamtazama kwa jicho la pembeni. Mzee anatafuta huruma kabla hata futi haijafunguliwa.

Wakapimwa. Kibatari kaongezeka inchi mbili, akapuliza tarumbeta. Bibi kapungua, akasema futi imevutika. Mama akabaki vilevile. Akaitwa baba.

"Subiri kidogo, mama," Mlingoti alisema. "Baba, samahani, hebu inua mguu."

"Mguu?"

"Na wa pili pia."

Baba akainua mmoja, akainua mwingine, mpole kabisa. Nyayo tupu. Mlingoti akapiga magoti, akainua zulia la pale mlangoni, lile nene alilolishona mama kwa masalio ya vitambaa. Chini yake sakafu, basi. Lakini hakutulia. Mwezi uliopita baba alimsimamisha juu ya kipande cha boksi akamchora nyayo zote mbili, eti anataka kumnunulia viatu. Viatu havikuonekana mpaka leo. Mlingoti aliona wazi kuwa ile ilikuwa hongo iliyoishia njiani.

Mama akachora alama ya baba, palepale pa mwaka jana. Baba akatoka kwenye fremu, akainama kulinyoosha zulia lililovurugwa, na hapo alichukua muda wake, akilalamikia kiuno.

"Haya, mwanangu. Simama katikati. Hapo ndipo pamenyooka."

Mlingoti akasimama. Kisogo kwenye fremu, pumzi ameibana. Futi ikapanda. Mama akaangalia, akaangalia tena.

"Kampita," alisema. "Robo inchi."

Tarumbeta ikalia. Baba akajifunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakitikisika. Mlingoti alimwonea huruma kweli, mpaka akafikiria kumrudishia kiti. Akakaa kwanza.

"Mwangalieni anavyolia," bibi alisema. "Tangu nimzae sijamwona akilia vizuri hivi."

Kiti kilikuwa kitamu kuliko alivyokiota. Rimoti mkono wa kulia, kikombe mkono wa kushoto, na ng'ambo ya pili baba yake juu ya kigoda cha plastiki, kanyoosha miguu, kafumba macho. Mlingoti alikaa Mrefu kwa dakika tano. Kisha mvua ikaanza, na juu ya bati paka akalia.

Mama hakuinua hata kichwa.

"Mrefu wa Nyumba, unaitwa."

Alirudi baada ya nusu saa, kaloa chapachapa, Diwani kajishika shingoni mwake kwa kucha zote. Pale mlangoni akafuta miguu kwenye zulia. Kitu kigumu kikasogea chini yake. Akalifunua.

Vilikuwa vibao viwili vyembamba, vimepigwa msasa mpaka vinateleza, vimechongwa umbo la nyayo, wa kulia na wa kushoto. Alipanda juu yake kujaribu, na vikamkaa sawasawa, mpaka kile kidole chake kidogo kilichopinda.