Tasnifu ya Daktari Hiza

Daktari Eliasi Hiza alishuka kwenye Landrova ya serikali pale kijijini Mazingara, Handeni, akiwa amevaa joho jeusi lenye mkanda mwekundu, na jua la saa sita lilikuwa kali mpaka kuku walikuwa wamejibanza chini ya maghala ya mahindi. Wanamgambo waliokuwa wakicheza kwata na bunduki za mbao walisimama kumtazama. Mmoja alicheka waziwazi.

Acha wacheke, alijisemea Hiza. Hawajui wanachokiona.

Kazi yake ilikuwa kufundisha jiografia Korogwe, lakini kwa miaka sita sasa, tangu mwaka wa sitini na saba, jiografia ilikuwa ya kumpatia ugali tu. Akili yake ilikuwa Ulaya. Huko, kwa njia ya posta, alisomea usalama wa kimataifa katika Chuo cha Juu cha Ulinzi wa Mataifa. Tangazo lake alilikuta gazetini, na ada hawakutaka hata senti. Walimu wenzake, ambao mitihani ya posta ya kawaida iliwaangusha mara mbili mbili, walimwonea wivu, au ndivyo alivyopenda kuamini. Yeye hakuanguka hata mara moja.

Kila baada ya miezi mitatu bahasha ilikuja na swali. Madaraja ya reli ya Tanga yana uimara gani? Vijiji vya Ujamaa vya Handeni vimejiandaa vipi kujilinda? Malori ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika hupita Korogwe siku zipi? Hiza alijibu kila swali kwa kurasa arobaini, thelathini zikiwa nadharia. Profesa wake alizikata zile thelathini kwa wino mwekundu, na kando ya zile kumi za vipimo na tarehe akaandika, "Kazi bora kabisa." Hiza aliona huo ndio usomi wenyewe, kupenda ushahidi. Mwaka jana shahada ya udaktari ikaja kwa kifurushi, pamoja na joho.

Wiki iliyopita ikaja barua nyingine, ya serikali. Ilimwomba afike Mazingara, alikofanyia utafiti wa shahada yake, aje na nakala za kazi zake zote. Masuguru nzima, mtaani kwake, ilisomewa barua hiyo. Hiza akamwambia mkewe, Zamda, aanze kufunga vyombo. Kama si ubalozi, basi ni ukuu wa chuo cha jeshi.

"Na kama wanataka kuzisoma tu?" Zamda aliuliza.

"Wewe funga vyombo."

Ndani ya ofisi ya kijiji walimsubiri watu wawili. Mmoja alikuwa Isihaka, afisa kutoka Dar es Salaam, mtu wa sauti ya upole. Wa pili alikuwa Mashavu, kamanda wa mgambo wa kijiji, mwanamke asiyezidi miaka thelathini, miguu ina udongo wa shambani.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Mashavu.

"Daktari," Hiza alimsahihisha, kisha akamgeukia Isihaka. "Ndugu afisa, huyu si angetupisha? Tutakayozungumza yanataka elimu kidogo."

"Atabaki. Yeye ndiye aliyetuandikia habari zako."

Hiza alivimba ndani ya joho. Kumbe sifa zake zilikuwa zimefika mpaka kwa wapalilia mahindi!

"Mwaka jana uliniuliza bunduki zetu chache za kweli zinalala wapi," Mashavu alisema. "Jina langu hukuuliza. Nikakuuliza ni nani anayetaka kujua, ukasema ni sayansi."

"Na ni sayansi." Hiza alitabasamu kama anayemsikiliza mwanafunzi wa darasa la pili. "Wewe ulidhani mimi jasusi? Dada yangu, jasusi haji mchana kweupe na daftari mkononi. Ningekufundisha kumtambua, lakini somo lenyewe huchukua miaka sita."

Isihaka alikuwa akipekua kurasa alizoleta Hiza, taratibu, akilowesha kidole.

"Hii ya malori uliituma lini?"

"Mwezi wa nne. Hata baada ya shahada wameendelea kuniomba makala. Hiyo ndiyo waliyoisifu kuliko zote."

"Huyu profesa wako, umewahi kumwona?"

"Wasomi wakubwa hukutana kwenye karatasi, ndugu yangu."

Isihaka alilifunga jalada. "Mwezi wa tano malori mawili hayakufika. Yalisubiriwa njiani. Watu kumi na mmoja wamekufa."

Nje, sauti za kwata zilikuwa zimekoma. Mashavu alikuwa ameinamisha kichwa. Hiza ndiye aliyeruka kutoka kitini, macho yanang'aa.

"Nilitabiri!" alisema. "Sura ya tatu, fungua uone! Niliandika kwamba msafara usiobadilisha siku zake lazima utashambuliwa. Mngenisoma mapema, watu hao wangekuwa hai. Sasa mnaona kwa nini nchi hii inahitaji wasomi?"

"Tunaona," alisema Isihaka.

"Basi kiandikieni chuo changu. Muulizeni profesa Hiza ni nani katika wanafunzi wake!"

"Tulimtuma mtu wa ubalozi wetu kwenye anwani yao," Isihaka alisema kwa sauti ile ile ya upole. "Alikuta chumba kimoja, meza moja, na kabati lenye jina lako. Chuo kizima, katika miaka yote sita, mwanafunzi alikuwa wewe peke yako."